Thamani ya Sarafu Iliyochakaa

Kila mwaka, mashamba yakishavunwa na kabla mbegu mpya haijaota, maelfu ya watu wa Uingereza na Wales huzunguka mashambani na kigundua metali mkononi wakitafuta vitu vya kale. Miongoni mwa vitu wanavyookota kwa wingi ni sarafu ndogo za shaba zilizofuliwa na Dola la Roma katika karne ya 4 Baada ya Kristo. Nyingi hazifiki milimita 20 kwa upana, zimeliwa na kutu ya kijani, na maandishi yake yamefutika kiasi kwamba mfanyabiashara wa sarafu hazitazami mara mbili. Kwa miaka mingi hata makumbusho hayakuona sababu ya kuzipokea. Hoja ya makala haya ni kwamba sarafu hizo chakavu, zikijumlishwa, ni miongoni mwa mashahidi bora tulio nao kuhusu karne ya mwisho ya utawala wa Roma katika kisiwa cha Britania. Ila ushahidi wake haumo katika shaba peke yake. Umo katika kumbukumbu iliyoandikwa: sarafu hii ni ipi, na iliokotwa wapi. Dhahabu isiyojulikana ilikotoka ni pambo. Kipande cha shaba kilichoandikiwa mahali pake ni waraka wa historia.

Wingi wa sarafu hizi una sababu zake. Mnamo mwaka 294 hivi Kaizari Diocletian alibadilisha fedha za dola na kuleta sarafu mpya ya shaba yenye fedha kidogo ndani yake, ambayo wataalamu huiita nummus. Mwanzoni ilikuwa na uzito wa gramu 10 hivi. Kufikia mageuzi ya mwaka 330, chini ya Kaizari Constantine, uzito huo ulikuwa umeshuka hadi gramu mbili na nusu, na miaka michache baadaye ukakaribia gramu moja na nusu. Pesa ikishuka thamani, watu hawahangaiki kuitafuta ikiwaponyoka, ndiyo maana sarafu za miaka hiyo zimejaa ardhini. Tena hazikuja mfululizo, zilikuja kwa mawimbi. Karakana ya kufua sarafu ya London, iliyoanzishwa na muasi Carausius baada ya kujitwalia kisiwa mwaka 286, ilifungwa mwaka 325. Tangu hapo chenji ya Britania ilitegemea hasa Trier, Lyon na Arles, ng'ambo ya mlango wa bahari. Shehena ilipokatika, wenyeji walijifulia sarafu za kuiga, nyingine ndogo kuliko punje ya mahindi. Baada ya mwaka 388 shehena zilipungua, na baada ya 402 shaba mpya haikuletwa tena kwa wingi. Kwa hiyo kila sarafu ya kipindi hiki ina tarehe, na tarehe hizo hazikusambaa sawasawa. Tofauti hiyo ndiyo inayompa mwanahistoria la kuuliza.

Ili tarehe hiyo ipatikane, lazima sarafu isomwe, na usomaji wenyewe ni kazi ya macho na subira. Tuchukue aina moja iliyo ya kawaida sana. Upande wa kichwa unaonyesha mtawala aliyetazama kulia, amevaa taji, na pembeni yake zimebaki herufi CONSTAN. Herufi hizo peke yake hazitoshi, kwa sababu Constantine na wanawe Constantine wa Pili, Constantius na Constans wote majina yao yanaanza hivyo. Jibu liko mwishoni mwa neno, na mara nyingi hapo ndipo palipoliwa na kutu. Ukigeuza, unaona askari wawili wamesimama na mikuki na ngao, wamezungukwa na maneno GLORIA EXERCITVS, yaani utukufu wa jeshi. Baina yao kuna bendera za vita. Zikiwa mbili, sarafu ni ya miaka 330 hadi 335. Ikiwa moja, ni ya 335 hadi 341. Chini ya miguu ya askari kuna herufi za karakana: TRP au TRS ni Trier, PLG ni Lyon. PCONST humpotosha anayeanza kazi, akadhani ni Constantinople, kumbe ni Arles, mji uliopewa jina la ukoo wa kaizari. Kisha sarafu hupimwa upana na uzito, hupigwa picha pande zote mbili, na huandikwa jinsi picha za pande hizo zinavyoelekeana, kwa namba kama za uso wa saa. Mwisho hulinganishwa na juzuu za Roman Imperial Coinage, orodha kuu ya fani hii. Herufi zikikosekana kabisa, mwandishi hakisii. Anaandika kwamba ni sarafu ya nyumba ya Constantine, 335 hadi 341, na kuishia hapo.

Kazi hii haikupata utaratibu wa kitaifa mpaka mwishoni mwa karne ya 20. Vigundua metali vilipoenea katika miaka ya 1970, wanaakiolojia wengi waliwaona watumiaji wake kuwa ni waporaji, na mwaka 1980 ilianzishwa kampeni ya wazi ya kuwapinga. Hofu yao ilikuwa na msingi. Katika miaka hiyo ya 1980 hekalu la Kirumi la Wanborough, huko Surrey, lilichimbwa kwa wizi, na maelfu ya sarafu zikauzwa bila kuandikwa popote. Sheria ya zamani ya hazina ilishindwa kuwabana wahusika, maana ilitaka ithibitishwe kwamba aliyefukia mali alikusudia kuirudia. Lakini huko Norfolk baadhi ya wanaakiolojia walikuwa wameshachukua njia nyingine. Badala ya kuwafukuza watafutaji, waliwafuata kwenye mikutano ya vyama vyao, wakatazama walichookota, wakakiandika na kukirudisha. Njia hiyo ya Norfolk ndiyo iliyogeuka kuwa mfano wa taifa. Sheria mpya ya hazina ilipitishwa mwaka 1996 na kuanza kutumika Septemba 1997. Mwaka huohuo ukaanza, katika maeneo sita ya majaribio, mpango unaoitwa Portable Antiquities Scheme, na kufikia 2003 ulikuwa umeenea Uingereza yote na Wales. Upande wa Uingereza unasimamiwa na British Museum. Maofisa wake, wapatao 40, wanakaa mikoani na kupokea vitu kutoka kwa wananchi. Kanzidata yao leo ina zaidi ya vitu milioni moja na nusu, na sarafu za Kirumi ni sehemu yake kubwa.

Yafaa kuona wazi sheria inagusa nini na inaacha nini. Sarafu mbili au zaidi za dhahabu au fedha zilizopatikana pamoja, zenye umri wa angalau miaka 300, ni hazina, na anayezipata hana budi kuzitangaza ndani ya siku 14. Kwa shaba, inatakiwa idadi ifike 10 zilizokaa pamoja. Sarafu moja moja ya shaba, iliyomponyoka mkulima au askari karne ya 4, haimo. Mwenye kuipata anaweza kuitia mfukoni na kwenda zake bila kuvunja sheria ya hazina. Kwa hiyo malaki ya kumbukumbu za sarafu hizo yametokana na hiari: mtu ameamua kuleta kitu ambacho hakitamletea zawadi wala pesa, akataja shamba, akakubali mahali paandikwe kwa alama za ramani kwa usahihi wa mita 100 au chini ya hapo. Mpango huu unasimama juu ya imani baina ya mwokotaji na ofisa, na imani hiyo ikivunjika hakuna askari wala mahakama itakayoileta sarafu moja ya shaba kwenye meza ya ofisa.

Faida ya hiari hiyo imeonekana. Mtaalamu Richard Reece aligawa historia ya sarafu za Kirumi za Britania katika vipindi 21, akahesabu katika kila eneo ni sarafu ngapi kati ya kila elfu zinaangukia katika kila kipindi, kisha akalinganisha eneo moja na lingine. Kwa njia hiyo ilidhihirika kwamba mashambani sehemu kubwa zaidi ya sarafu zilizopotea ni za karne ya 4 kuliko mijini, ambako za mapema zina nguvu zaidi. Hesabu yake ilianza na sarafu zilizotoka katika machimbo ya wanaakiolojia. Machimbo hayo yalielekea zaidi kwenye miji, ngome na majumba makubwa, na mkulima wa kawaida hakuonekana. Kumbukumbu za umma zimejaza pengo hilo kwa kuleta mashamba ambayo hakuna chuo ambacho kingeyachimba. Kwa mfano, Sam Moorhead, aliyekuwa mshauri wa mpango huu kwa sarafu za Kirumi, alionyesha kwamba Wiltshire ina sehemu kubwa isiyo ya kawaida ya sarafu za miaka 364 hadi 378, zama za makaizari Valentinian na Valens. Mojawapo ya maelezo yanayotolewa ni biashara ya nafaka. Mwanahistoria Ammianus Marcellinus ameandika kwamba mnamo 359 Julian, aliyekuja kuwa kaizari, alijenga upya maghala ya Rhine kwa ajili ya nafaka iliyozoea kuletwa kutoka Britania. Kama jeshi la Rhine lililishwa na mashamba ya kusini mwa Britania, chenji ya serikali ingetazamiwa kuonekana katika mashamba hayohayo. Maelezo hayo yanaweza kupingwa, lakini bila shaba za Wiltshire hata swali lenyewe lisingeulizwa.

Ushahidi wa aina nyingine unatoka kwa sarafu ndogo za fedha za mwisho wa karne ya 4, zinazojulikana kama siliqua. Mwaka 1992 huko Hoxne, Suffolk, mwananchi mmoja aliyekuwa akimtafutia rafiki yake nyundo iliyopotea shambani alifikia sanduku lenye karibu sarafu 15,000 za dhahabu na fedha, lililofukiwa baada ya mwaka 407. Mwananchi huyo aliacha kuchimba na kutoa taarifa, na wanaakiolojia wakaondoa sehemu kubwa ya hazina ikiwa mahali pake. Karibu fedha zote zilikuwa zimekatwa pembezoni kwa uangalifu, ukingo umenyolewa na maandishi yameliwa, lakini sura ya kaizari imeachwa nzima. Ukataji wa namna hiyo, kwa kiasi hicho, ni jambo la Britania hasa. Ni dalili ya watu ambao hawaletewi tena fedha mpya, wanalazimika kuzitumia zilezile kwa miaka mingi, wakipunguza madini yake lakini bado wakihitaji sura ya mtawala ili zikubalike. Kwa kuwa Hoxne ilitufundisha kuisoma alama hii, leo siliqua moja iliyokatwa ikiokotwa peke yake katika shamba lolote inatuambia kwamba huenda hapo palikuwa na mtu aliyeendelea kutumia pesa za Kirumi baada ya Roma yenyewe kuondoka. Kwa wakati ambao karibu hauna maandishi ya wenyeji, ushahidi huo una uzito mkubwa.

Wako wanaosema kwamba sarafu isiyosomeka haistahili saa za mtaalamu. Wangekuwa na haki kama lengo lingekuwa kukusanya vielelezo vizuri. Lakini hesabu ya Reece haihitaji jina la kaizari, inahitaji kipindi. Shaba iliyofutika ambayo bado inaonyesha vivuli vya askari wawili inaingia kipindi cha 330 hadi 348 bila shida, na kazi yake katika hesabu ni sawa na ya sarafu safi kabisa. Ukiandika sarafu nzuri tu, unachoandika ni mapendeleo ya wakusanyaji. Tena historia imeonyesha hatari ya kudharau kinachoonekana hakina maana. Mwaka 1900 huko Ufaransa ilipatikana sarafu yenye jina la Domitianus, mtu aliyejitangaza kaizari mnamo 271 hivi, na wataalamu wengi wakaitilia shaka wakidhani ni ya kughushi. Mwaka 2003 mwananchi aliyekuwa na kigundua metali alipata karibu na Chalgrove, Oxfordshire, chungu cha sarafu karibu 5,000 za kawaida, zilizoshikamana kwa kutu. Zilipotenganishwa na kusomwa moja moja, ya pili ya Domitianus ilitokea humo ndani, mahali ambapo hakuna mghushi wa zama zetu angeweza kuiweka. Kama mtu angesema hizi zote ni za aina moja na zisisomwe, mtawala huyo angebaki katika orodha ya uongo.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba kumbukumbu hizi zimepinda. Watafutaji hupenda mashamba yanayolimwa ya mashariki na kusini, si malisho ya milimani. Hukosa sarafu ndogo mno. Na baadhi huleta kinachowapendeza tu. Yote hayo ni kweli. Lakini kupinda kunakojulikana kunaweza kupimwa. Ndiyo maana hoja zilizo imara hujengwa juu ya uwiano baina ya vipindi, si juu ya wingi mtupu: wilaya yenye watafutaji wengi itakuwa na sarafu nyingi za kila kipindi, na uwingi wa watafutaji peke yake hauelezi kwa nini kipindi kimoja kimezidi vingine. Machimbo ya kitaalamu, ambako udongo huchekechwa, hutumika kusahihisha hesabu ya zile ndogo kabisa. Na tukumbuke kwamba machimbo nayo yana upendeleo wake, kwa kuwa huenda palipo na kuta, barabara mpya au fedha za utafiti. Vyanzo viwili vyenye kasoro tofauti vikikubaliana, hitimisho lina nguvu kuliko chanzo kimoja kinachojidai hakina kasoro.

Wengine wanasema mpango huu unawapa waporaji heshima wasiyostahili, na kwamba kitu kikishang'olewa ardhini kimepoteza majirani zake, ambao ndio waliokuwa wakieleza maana yake. Sehemu ya kwanza inataka ulinzi wa sheria: kutumia kigundua metali bila kibali katika eneo la kale linalolindwa ni kosa, anayeingia usiku katika shamba la mtu ni mwizi, na hakuna kumbukumbu inayomsafisha. Sehemu ya pili inategemea sarafu ilikuwa wapi. Ile iliyo katika tabaka la juu, linalopinduliwa na plau kila mwaka, ilishapoteza majirani zake zamani, na inaendelea kuliwa na mbolea na vyuma vya trekta. Kuiacha si kuihifadhi. Iliyo chini ya plau ni suala jingine, na hapo elimu kwa mwokotaji ndiyo kinga. Aprili 2010, karibu na Frome, Somerset, mwananchi alipokuta ukingo wa mtungi uliojaa sarafu aliacha kuchimba na kuwaita wanaakiolojia. Wakautoa mtungi tabaka kwa tabaka. Ulikuwa na sarafu 52,503 zenye uzito wa kilo 160 hivi, na zile za Carausius, ambazo ndizo za mwisho, nyingi zilikuwa chini ya nusu ya kina. Maana yake ni kwamba pengine ulijazwa kwa mara moja, si kwa kuweka akiba mwaka hadi mwaka. Hoja hiyo isingepatikana katika ndoo ya sarafu zilizomwagwa. Mtu aliyezoea kuonyesha shaba zake moja moja ndiye anayejua kusimama anapokuta jambo kubwa.

Gharama ya kutoandika inaonekana hata katika pwani ya Afrika Mashariki. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, huko Bur Gao, ambayo sasa imo kusini mwa Somalia na wakati ule iliitwa Port Durnford, Mwingereza mmoja aliyeitwa Haywood alipata mkusanyiko wa sarafu. Ulichapishwa mwaka 1932 na Harold Mattingly wa British Museum. Ndani yake mlikuwa na sarafu za Waptolemayo wa Misri, za Warumi, nyingi zikiwa za karne ya 4, na nyingine za Wamamluki na Waturuki. Kwamba mabaharia wa Dola la Roma walifanya biashara na pwani hii tunajua kutokana na Periplus ya Bahari ya Erithrea, kitabu cha karne ya 1. Lakini je, shaba hizi za karne ya 4 zililetwa zama zile na majahazi ya biashara, au zilikusanywa kwingine na mtu wa karne za karibuni akazifukia pamoja? Neville Chittick na wengine wamezitilia shaka, wengine wamezitetea, na mabishano hayaishi kwa sababu miaka ipatayo 20 ilipita kati ya kuokotwa na kuchapishwa, bila maelezo ya uhakika ya namna zilivyolala ardhini. Sarafu zilezile, zenye kaizari walewale wanaosomeka huko Wiltshire, haziwezi kuthibitisha chochote kuhusu pwani yetu.

Tofauti kati ya Wiltshire na Bur Gao haikusababishwa na ubora wa sarafu, bali na kile kilichofanywa siku zilipookotwa. Kwa hiyo jambo la kudaiwa, popote pale ambapo wakulima, wavuvi na watoto huokota vitu vya kale, ni utaratibu mwepesi unaomfikia mwokotaji: mahali paandikwe kwanza, sarafu isisuguliwe kwa waya wala asidi, vitu vilivyoonekana pamoja nayo visitenganishwe, na awepo ofisa wa karibu anayeitazama kwa heshima na kuirudisha kama sheria inaruhusu. Makumbusho yanaweza kununua dhahabu wakati wowote yakipata fedha. Kumbukumbu ya mahali hainunuliwi baadaye kwa bei yoyote. Inapatikana mara moja tu, kutoka kwa mtu aliyeinama na kuokota, na jamii inayotaka kuijua historia ya watu wake wa kawaida inapaswa kumfanya mtu huyo kuwa mwenzake katika kazi.